Chujio la Samaki wa Mama

Baba yangu alikuwa fundi wa injini za reli, na kwa fundi wa reli hakuna ugonjwa wa mashine usiotibika kwa spana. Alistaafu na imani hiyo, akarudi nayo nyumbani Mpanda, na ndiyo iliyotumaliza.

Mama alipigwa kiharusi muda mfupi baada ya Baba kustaafu. Upande wa kulia ulikufa wote, maneno nayo yakaenda. Kutwa alikaa sebuleni kwenye kiti cha mito, macho yameganda ukutani. Tulimwimbia, tukamletea wajukuu, jumuiya nzima ya mtaa ikaja kusali rozari miguuni pake. Hakugeuka. Nilikuwa namlisha uji huku namchukia Mungu, na sisemi uongo.

Ndipo Baba akamkumbuka Mzungu mmoja wa Karema, aliyekuwa akinunua samaki wadogo wa mapambo ziwani na kuwasafirisha kwao. Baba aliwahi kumfufulia injini ya boti. Mzungu alipofunga kazi, alimwachia tangi la kioo, samaki wachache wenye mistari ya buluu na njano, na chujio la umeme la kusafishia maji yao. Majirani walitucheka sana. "Mboga gani hiyo ya kufugwa sebuleni? Hata mchuzi haitoi!" Lakini Mama ni mzaliwa wa Karema. Samaki wale walikuwa wakimgusa miguu alipokuwa msichana wa kuteka maji. Siku walipomiminwa tangini, aligeuza shingo. Aligeuza shingo mwenyewe, akawafuata kwa macho mpaka jioni, na mimi nikakimbilia jikoni kulia.

Chujio lenyewe lilikuwa mtungi wa plastiki uliokaa chini ya meza. Mpira mmoja ulivuta maji machafu kutoka tangini, yakapita kwenye sponji na vikokoto ndani ya mtungi, kisha pampu ya kwenye kifuniko ikayarudisha juu kwa mpira wa pili. Mzungu alisisitiza sponji isioshwe ovyo, kwa sababu ndani yake wanaishi vijidudu wazuri wanaokula uchafu. Hakutuambia zaidi ya hapo. Sidhani aliwahi kufikiria kwamba kuna mji kama wetu unaopata umeme jioni tu, mashine za dizeli zinapowashwa, kisha basi hadi kesho yake.

Hazikupita wiki nyingi, samaki wakaanza kufa. Ikawa kila jioni wanapanda juu, midomo wazi, wanahema. Baba akafurahi kidogo, nadhani, kwa sababu amepata mashine ya kutibu. Akafungua mtungi. Akakuta kipangaboi cha pampu, kile kinachosukuma maji, kimezongwa na uzi wa majani, akakisafisha. Maji yakarudi kwa nguvu, na samaki mmoja akafa. Akasema kuna hewa inaingia, akakata ringi mpya kutoka tyubu ya baiskeli, akaipaka mafuta, akafunga. Akafa mwingine. Akasema mipira imejikunja, akaipanga upya, akainyonya kwa mdomo ili maji yashuke. Yalipomfika mdomoni aliyatema ukutani.

"Baba, yananuka yai viza hayo," nikamwambia.

"Mipira ndiyo michafu. Nitaisugua."

"Si uache kuliwasha uone?"

"We binti, samaki bila chujio wataishije? Nyie mnadhani mashine inatengenezwa kwa kuzimwa?"

Nikamjibu kwamba sikio la kufa halisikii dawa, nikatoka nimefura. Nilisema kwa hasira tu. Sikuwa na dawa yoyote, na hata mimi niliamini kuna kitu kimelegea humo ndani.

Kisha dizeli ikaisha mjini. Siku zikapita tukiwa gizani, tunalaani, tunawasha vibatari. Baba alizunguka sebuleni kama mfiwa, akiamini samaki waliobaki hawatafika Jumapili. Nikawa natoa ndoo ya maji asubuhi na kuongeza ndoo ya kisima. Samaki hawakufa. Walikula, walifukuzana, wakachimba mashimo kwenye mchanga. Mama alikaa mbele yao mchana kutwa, na siku moja niliona upande wa kushoto wa mdomo wake umepanda. Alikuwa anacheka. Sikumwita mtu, niliogopa ataacha.

Umeme ulirudi jua likizama. Mtaa mzima ukapiga kelele, watoto wakatoka nje kuimba. Baba akaja mbio na waya wa chujio mkononi. Alipoinama kuchomeka, Mama alimkamata shati kwa mkono wa kushoto. Alimkamata kwelikweli, akatoa sauti nzito kifuani, macho kwake, macho kwa tangi. Baba akacheka kwa furaha.

"Haya, haya, mama watoto! Umeme umerudi, nimeuona!"

Akambandua vidole, kimoja kimoja, taratibu, kwa upendo. Akachomeka.

Mpira ukakohoa, ukatapika maji meusi ndani ya tangi. Harufu ikajaa nyumba nzima. Baadaye afisa wa uvuvi alinieleza kwamba vijidudu wale nao wanataka hewa: maji yakisimama mtungini wanakufa, wanaoza, na ukiwasha unawarudishia samaki sumu yote kwa mkupuo. Chujio halikuwa na ubovu wowote. Mama alikuwa amewaangalia samaki wakiwa wazima kila mchana na kuhema kila jioni chujio linapowashwa, yeye peke yake, kwa sababu sisi tulikuwa tunaangalia mtungi.

Samaki walilala ubavu wote kabla sijarudi na ndoo ya maji safi.

Baba alipiga magoti mbele ya kiti. "Nitaenda Karema," alisema. "Kesho. Nitakuletea wengine." Mama alikuwa amekwisha kuurudisha uso ukutani. Baba akauchukua mkono wake wa kushoto, akavikunja vidole juu ya shati lake, palepale vilipokuwa vimeshika, akaviachia. Vikateleza. Akavikunja tena.

Mama hakumshika mtu yeyote tena mpaka tulipomzika.