Mshipi Mnene wa Dilawar

Mume wangu Dilawar ni mwoga. Sisemi kwa kumsengenya, maana mwenyewe anajua, na jirani zetu wote wa ghorofa ya tisa hapa Etobicoke, ughaibuni, wanajua. Akifunga mlango hurudi mara tatu kuusukuma. Akiwasha jiko husimama kulilinda mpaka alizime. Nilikuwa nimekaa naye miaka thelathini na saba, nikadhani hofu yake yote nimeshaiona, mpaka Juni ya mwaka 2014, mama yake alipoacha kula.

Ma Sakarbai alikuwa na miaka themanini na minane. Alianza kwa kurudisha nusu sahani, akaja kurudisha sahani nzima, na juma lile alikuwa anaishi kwa chai na vipande vya biskuti. Ijumaa daktari alimpima uzito, akakunja uso. Alisema kama hataanza kula, Jumatatu asubuhi atalazwa na kutiwa mpira wa chakula puani. Dilawar alisikia neno moja tu, kulazwa. Baba yake alilazwa Mwanza kwa homa ya siku mbili, hakurudi nyumbani.

"Ma, unataka kula nini? Sema chochote," alimbembeleza.

"Yule samaki wa Nicolaus," Ma akajibu.

Nicolaus ni mtu wa Bukoba anayekaa Brampton. Walifanya kazi pamoja ghalani mpaka Dilawar alipostaafu. Mwezi wa Mei alituletea ndoo yenye samaki wanne wa ziwani wanaoitwa krapi, wadogo kama kiganja, wakiwa bado wanarusha mikia. Ma alikula wawili akalamba vidole. Dukani sijawahi kuwaona. Tulijaribu sato hai wa kwenye tangi la duka la Wachina, akaonja akasema ananuka dawa.

Tena si samaki yeyote anayeliwa kwetu. Sisi Makhoja Ithnaasheri tunakula samaki mwenye magamba, aliyetolewa majini angali hai. Akifia majini haliwi, hata awe mnono vipi. Ma hakuwahi kulegeza jambo hilo maisha yake yote.

Basi Jumamosi tukaenda na Nicolaus kwenye duka la vifaa vya uvuvi. Ukuta mzima ulikuwa mishipi. Nicolaus akachukua kibunda kimoja.

"Mzee, huu wa ratili sita unatosha. Krapi sasa hivi wako chini. Hiki kisamaki cha plastiki, chambo chetu, kina ulimi mbele, boti ikikikokota ulimi unakizamisha. Ukiweka mshipi mnene unashikwa na maji, kinabaki juu juu."

"Na ukikatika?"

"Haukatiki, mzee."

"Lakini ukikatika?"

Marehemu baba mkwe alikuwa na duka la mishipi na nyavu Mwanza, enzi za sangara, na kila mteja alimwambia kwamba mshipi mwembamba ni wa mtu asiyetaka samaki. Dilawar alikulia chini ya meza ya duka lile. Aliurudisha wa ratili sita, akachukua wa nane, akaurudisha, akachukua wa kumi. Jasho lilikuwa linamtoka kama aliyeitwa polisi. Baada ya dakika arobaini na tano alifika kwa keshia na mshipi wa ratili ishirini. Nicolaus alinitazama mimi. Nilikuwa nimechoka, nikasema, "Mwache." Neno hilo nalijutia.

Jumapili Nicolaus aliacha misa, saa kumi na mbili asubuhi tukawa Ziwa Scugog kwenye boti yake ndogo. Leseni yake ya kuvua ilikuwa imeisha muda, na yeye hachezi na sheria za watu, kwa hiyo aliendesha tu. Dilawar alikuwa ameshavuka sitini na tano, hahitaji leseni, ila kitambulisho, na kitambulisho hicho alikipapasa mfukoni kila dakika. Mimi nilikwenda kumshika Dilawar asianguke. Binti yetu Hira alibaki na bibi yake.

Boti ilikwenda mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Saa moja ikapita, ikapita ya pili. Kile kisamaki cha plastiki nilikuwa nakiona kwa macho yangu nyuma yetu, kinaogelea juu juu kama ilivyotabiriwa, mpaka jua lilipoanza kumeta majini nikakipoteza. Kwenye kioo cha mashine yake ya kutafutia samaki Nicolaus aliwaona samaki wamejaa chini.

"Tubadilishe mshipi, mzee. Wa ratili sita nimekuja nao."

"Ngoja kidogo. Usije ukakatika."

Saa nne Hira akapiga simu. Sauti yake ilisikika hadi kwangu. "Dad, hata chai amekataa. Just come home, please."

Dilawar akairudisha simu mfukoni. Akavuta mshipi, na mwishoni akatoka krapi, tumbo juu, jicho limefifia. Tulikuwa tumemburura sijui tangu saa ngapi. Kwa mshipi ule kama kamba ya kuanikia nguo, nani angemsikia samaki mdogo vile?

"Si huyo! Tumempata!" Nicolaus alishangilia.

Dilawar alimgusa shavuni, akangoja. "Amekufa."

"Mzee, samaki wote wanakufa."

Dilawar hakucheka. Aliukata mshipi wake mwenyewe, akamwambia Nicolaus afunge ule wa ratili sita. Hazikupita dakika kumi, fimbo ya kuvulia ikapinda. Masikini mume wangu! Alivuta kwa hofu yake yote, kama mwenye sangara wa kilo hamsini, na mdomo wa krapi ni laini kama karatasi. Ndoana ilirudi na kipande cha ngozi. Wa pili hivyo hivyo. Kisha upepo ukapanda, na Nicolaus alikuwa na zamu ya mchana, tukageuza. Dilawar alikuwa analia waziwazi. Yule mfu nilimtia kwenye sanduku la barafu, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Nyumbani nilimpaka ndimu, kitunguu saumu na bizari, nikamkaanga. Nikapika wali mweupe. Harufu ilipofika chumbani Ma akainuka mwenyewe kitandani. Nilimwekea sahani, akamega kipande, akakishika.

"Alitoka hai?" akauliza.

Dilawar akafungua mdomo. Nikamwahi.

"Hai, Ma. Alikuwa anaruka."

Sikuona haya. Nilikuwa naona ule mpira puani mwake. Nilijiambia Mungu ni mwingi wa msamaha, nitamalizana naye baadaye.

"Hapana, Ma," Dilawar akasema. "Alifia majini. Ni kosa langu, mimi ndiye niliyechagua mshipi."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata mdomoni mwa Ma. Ma akakirudisha kile kipande sahanini. Nilitamani kumpiga Dilawar kwa mwiko.

"Unamuua mama yako!" nilimfokea.

Ma hakunigeukia. Alikuwa anamtazama mwanawe. "Uliogopa kuniambia?"

"Naogopa mpaka sasa, Ma."

Ma akasukuma sahani kando. Kisha akanyoosha vidole, Hira akamnawisha. "Kulsum," akaniita, "niletee wali wa sufuriani, usioguswa na samaki. Na mtindi."

Alikula vijiko kumi na saba, nilivihesabu, mkono wa kushoto umeushika mkono wa Dilawar. Jumatatu hakulazwa, na alikaa nasi miaka mitatu mingine. Mimi siku ile nilisimama jikoni na sahani ya samaki, sijui nimtupe wapi, nikingoja Ma aniulize kwa nini nilimdanganya. Hakuniuliza siku ile, na hakuniuliza mpaka tunamzika.