Kaka yangu shifta alizika bomu, dereva aliyeumia nikamtunza mimi

Wakuu, assalamu aleykum. Simu ni ya mjukuu wangu, maneno ni yangu. Mimi ni bibi wa Garissa, na haya niliyaona mwenyewe. Wallahi siongezi chumvi.

Enzi za vita vya shifta, waasi wa huku kwetu kaskazini, muda mfupi baada ya Uhuru, nilikuwa nimeolewa karibuni, tunachunga upande wa Modogashe.

Kaka yangu Hassan alikuwa ameingia msituni. Msimlaani haraka. Watu wetu, Wasomali wa Kenya, walitaka kuungana na Somalia, wakasema kwa mdomo, hawakusikilizwa. Vijana wakashika bunduki. Hiyo ndiyo sababu. Sisemi ilikuwa haki, maana waliolipuliwa hawakuwa serikali.

Asubuhi moja lori la sukari likakanyaga bomu lililozikwa barabarani, karibu na mbuzi wangu.

Utingo alikufa palepale. Dereva, Mkamba anayeitwa Mutua, mguu ulikuwa umesagika. Aliponiona akadhani nimekuja kummaliza. Akafunga macho.

Kiswahili changu kilikuwa neno moja tu, "Bole," yaani pole, maana P ilinishinda. Nikalirudia na kulirudia huku nafunga mguu kwa shuka yangu. Mume wangu akambeba mpaka nyumbani, nikamnywesha maziwa ya ngamia.

Mchana Hassan akatokea na bunduki.

"Abaayo, dada yangu, toka mlangoni."

"Bomu ni lako?"

Akapiga hatua kuja mlangoni.

"Basi huyu ni mgeni wangu. Ukimtaka, anza na mimi."

Hassan alinitazama, kisha akaondoka bila kuaga.

Kesho yake jeshi likaja, likamkamata mume wangu. Mutua akapiga kelele pale alipolala, "Mwacheni! Hawa ndio wameniokoa!"

Wakamwachia. Ngamia hawakupona. Walipigwa risasi zizini, sisi tukafungiwa kwenye kijiji cha serikali, hutoki bila ruhusa. Mpaka leo kuna familia hazikupata tena mifugo, na vijana wetu wakiomba kitambulisho huulizwa maswali ambayo wenzao hawaulizwi.

Vita vikaisha, msamaha ukatangazwa, Hassan akarudi mikono mitupu.

Siku moja tuko Modogashe, lori likasimama. Akashuka mtu anachechemea. Mutua! Nililia. Hassan akataka kuondoka, nikamshika nguo.

Akasema mwenyewe, "Lile bomu nilizika mimi. Utingo wako nilimuua mimi."

Mutua akakaa chini mchangani.

"Alikuwa mdogo wake mke wangu," akasema.

Kisha akamuuliza Hassan,

"Yako mengine barabarani?"

"Yako. Nakumbuka mahali."

"Panda mbele. Utawaonyesha wanajeshi yote, wayatoe."

Akapanda. Yakatolewa, magari yakapita hata njia zilizokuwa zimeachwa kwa hofu. Hassan akabaki kuwa utingo wa Mutua mpaka Mutua alipostaafu. Mke wa Mutua alikataa kumpa mkono kwa miaka mingi, na sikumlaumu. Siku ya harusi ya binti yangu alikuja, akamkuta Hassan anagawa nyama, akanyoosha sahani yake. Hassan alilia mbele za watu.

Nilichojifunza ni hiki: ukweli ulimuumiza Mutua kuliko bomu, lakini bila huo ukweli barabara isingefunguka.

Wa Wajir, wa Rhamu, na nyinyi wa bara ambao wazee wenu waliendesha malori huku, kwenu iliishaje? Andikeni. Matusi punguzeni, mjukuu ananisomea kila komenti.