Siku Mama Alipoulizwa

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi dukani, kule Soy, niliamini kwamba wafu huja kumchungulia mtoto mchanga. Aliyenifundisha ni Kogo, nyanya yangu mzaa baba. Mtoto akizaliwa kwetu, akina mama wazee walitaja majina ya marehemu mmoja mmoja, na jina lililomfanya apige chafya ndilo likawa lake. Marehemu huyo alikuwa amerudi.

Ndugu yangu mdogo alipozaliwa, alipiga chafya kwa jina la babu. Sote tulifurahi isipokuwa mama. Alimnyonyesha akitazama ukuta, na uji uliungua jikoni asisikie harufu. Niliogopa sana, maana mama yangu alikuwa mtu wa kucheka mpaka jirani anauliza kuna nini.

"Tulikosea jina," Kogo akasema. "Aliyerudi si mzee wangu. Ni mwingine, na amekasirika."

Wazee wakaitwa tena, ugoro kidogo ukasogezwa puani, na mtoto akapiga chafya kwa jina lingine. Mama akabaki vilevile.

Siku ya chanjo tulikwenda kliniki Eldoret mjini, Kogo akimbeba mtoto. Sista alianza na mama. Akamuuliza kama analala, kama bado anacheka, kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kogo akataka kumjibia.

"Wacha aseme mwenyewe, Mama," sista akamwambia polepole.

"Ndiyo," mama akasema. "Kila asubuhi naona afadhali nisingeamka."

Maneno kama hayo kwetu hayasemwi mbele ya mama mkwe. Nilimtazama Kogo nikingoja akemee. Badala yake akamwambia sista, "Ukimaliza na huyu, niulize na mimi. Nimezaa watoto wengi, na hakuna mtu ameshawahi kuniuliza."

Majibu yake sikuyasikia, kwani nilitolewa nje nikiwa na mtoto mgongoni. Baadaye mama alianza kwenda kwa kaunsela wa pale kliniki, Kogo akimsindikiza, na kicheko chake kilirudi kwa kujikokota.

Sasa nina watoto wangu, na bado naikumbuka siku ile. Mwanamke mzee, tena mkali, alibeba jambo lile lile lililompata mama tangu ujana wake akidhani ni hasira ya wafu, na alilitua pale kwenye benchi la kliniki kwa sababu mkaza mwanawe alithubutu kusema ndiyo.