Pepo Aliyetaka Halua

Nikiwa mtoto wa darasa la nne nilikaa Likoni kwa Mama Mkubwa, dada yake mama, aliyetulea mimi na dada yangu Zuhura tangu mama alipofariki. Mtaa mzima ulimjua kwa haya zake. Mimi nikiitwa nikasahau kusema "abee", nilifinywa sikio hapo hapo.

Kisha akabadilika. Alianza kwa kuchota sukari koponi kwa mkono. Akaingia jikoni kwa jirani, akafunua sufuria, akala, akatoka bila salamu. Matangani, wenzake wakilia, yeye alicheka. Siku moja birika la chai lilinimwagikia mguuni nikapiga mayowe. Alinitazama kama mtoto wa watu asiyemhusu, akaendelea kutafuna mkate. Mguu ulipona. Ile sura yake haijanitoka hadi leo.

"Huyu si mwanangu Mwanaisha," alisema bibi yetu akinipaka asali. "Huyu ni pepo. Mwanaisha mwenyewe tutamrudisha, inshallah."

Nikaliamini hilo kwa moyo wote. Akaitwa fundi wa pepo, mama mmoja wa Kisauni, na chano kikaandaliwa: halua, ndizi mbivu, mayai, marashi. Kwa desturi, pepo huulizwa jina lake na anachotaka. Akishapewa, humwachia mtu wake. Alasiri ngoma zikalia, Mama Mkubwa akafunikwa shuka jeupe, akafukizwa ubani.

"U nani wewe?" fundi aliuliza. "Wataka nini?"

"Halua," akajibu, na mkono wake ukatoka chini ya shuka ukaikamata.

Vigelegele! Pepo kasema! Jina hakulitaja, lakini nani aliyejali? Bibi alilia kwa furaha. Mimi nikasogea karibu kabisa, nikisubiri kufinywa sikio. Mama Mkubwa aliimaliza halua, akalamba vidole, akauliza kama ipo nyingine.

Tuliendelea kumpa. Maneno yakamwisha moja moja, akafariki bila kuniita jina langu tena.

Sasa ni zamu ya Zuhura. Yeye ndiye aliyeniozesha, na masikio yangu aliyafinya vilevile. Daktari ametuambia ni ugonjwa wa nadra unaokula sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotunza haya na huruma. Kumbukumbu hazipotei mwanzoni, na ndiyo maana watu hudhani ni kiburi au jeuri. Familia nyingine huurithi. Dawa ya kuuponya haipo.

"Sasa tufanyeje?" nilimwuliza daktari.

"Mpunguzieni vitu vitamu, na msimgombeze. Hafanyi makusudi."

Nikatoka nimekasirika, nisijue nimemkasirikia nani. Nyumbani nako majirani wananiandama: huyo ni pepo wa ukoo, mbona hamumpungi? Nikiwaeleza habari za ubongo wananitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. Wananiudhi mno. Na wallahi, kinachoniudhi zaidi ni kwamba nawaonea wivu. Wao, kwa huyo pepo wao, wana mtu wa kumgombeza, wa kupatana naye. Mimi nimepewa jina refu la ugonjwa, na ugonjwa hauulizwi kitu ukajibu.

Juzi mwanangu alilazwa hospitali. Nilimweleza Zuhura huku machozi yananitoka, naye akaupitisha mkono mbele ya uso wangu kufuata kopo la sukari. Subira ikaniisha. Nikamshika mabega.

"U nani wewe?" nilipiga kelele. "Wataka nini?"

Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe, nikayaachia mabega yake. Zuhura alifikiri kidogo.

"Halua," akasema.

Nikaenda kumkatia. Nilikata kipande kikubwa kuliko alivyoruhusu daktari, nikakaa karibu naye kabisa, sikio langu upande wake, nikamngoja amalize.