Wifi Yangu Susana na Tundu la Ndiva

Wifi yangu Susana alizaliwa mwaka ule Wajerumani walipoikimbia milima yetu, na angezaliwa mwanamume angekuwa karani wa baraza, maana mdomo alipewa. Namtaja kwa wema mapema kabisa, nisije nikasahau huko mbele.

Alipokuwa msichana aliteleza na mzigo wa kuni, mguu wa kushoto ukavunjika na kuunga vibaya. Aliolewa Ndungu, tambarare, kwenye mpunga. Mwanamke wa kuchechemea utamsimamisha vipi kwenye tope la mpunga kutwa nzima? Mume alivumilia misimu miwili, akaoa mwingine. Susana akarudi kwa kaka yake Eliufoo, ambaye ni mume wangu. Kwa hiyo akarudi kwangu. Nikampa chumba cha nyuma, naye akawa anasuka mikeka, na watu wakaanza kuja.

Hawakuja kwa ajili ya mikeka. Walikuja kumsikiliza. Susana angekwenda kisimani akarudi na habari ya kisima, ukaiacha sufuria ya makande iungue. Mimi nilisoma hadi darasa la nne, najua kuandika barua ikaeleweka, lakini nikieleza jambo watu hutazama mlango.

Sasa, habari ya ndiva. Huku kwetu mashamba yanakunywa kwenye ndiva, yaani bwawa la ukoo lililozungushiwa ukingo wa udongo na mawe. Usiku linajaa kutoka mferejini, asubuhi kizibo kinatolewa, kila mtu anapata zamu yake. Kizibo ni kazi ya wanaume. Mwanamke hakigusi, hakitengenezi, hata kukikagua haruhusiwi.

Mwaka 1948, wanaume wote wenye nguvu waliteremka Same kupokea mabati ya kanisa yaliyokuja kwa treni. Walikawia siku tatu. Kizibo kilikuwa kimeoza, sote tuliona kinavuja, na hakuna aliyekigusa, maana si kazi yetu. Asubuhi ya siku ya tatu kikatoka chenyewe.

Tulikuwa wanawake watano tumekuja kuchota maji, na Susana wa sita, amekaa juu ya jiwe anapumzisha mguu. Maji yakaanza kutoka kwa kishindo, yanamega udongo, tundu linapanuka huku tunalitazama. Chini yake kulikuwa na maharage ya kijiji kizima, yametoa maua. Mimi niliingia ndani ya ndiva nikalikalia lile tundu. Nasema nililikalia. Maji yalinivuta nikakwama hapo, kaniki yangu ikanyonywa ikapita tunduni ikaenda zake na mfereji. Wenzangu wakaziba kwa nje, kwa migomba, mawe na udongo. Kisha wakanivuta mikono kama wanang'oa muhogo.

Nikasimama ukingoni nilivyozaliwa. Na kwenye kona ya njia, ng'ambo ya bonde, ndipo wanaume walipotokea na mabati vichwani.

Susana alinirushia kanga yake, nikakimbilia migombani. Yeye akabaki na shimizi.

Jumapili, mzee wa kanisa Melkizedeki akasimama. "Tuliona mwanamke uchi kwenye ndiva, mchana kweupe. Ni nani?"

Mimi nilikuwa kiongozi wa kwaya. Mkwe wangu alikuwa benchi la mbele. Nikainamia kitabu cha nyimbo. Wale wanne wakatazama miguu yao.

"Ni mimi, mzee," Susana akasema. "Nililikalia tundu. Ulitaka nilikalie na koti?"

Watu wakacheka kanisani. Melkizedeki hakucheka. Akamtenga na meza ya Bwana miezi mitatu.

Ningesema siku ile, yangekwisha. Sikusema. Nikajiambia nitasema Jumapili ijayo, na ijayo Susana alikuwa amekwisha kuanza kuisimulia uani kwangu.

Na aliisimulia! Mwanzo alisimulia kwa kujikinga tu, watu walipomwuliza. Kisha akaonja. Akaweka baridi ya maji, akaweka kaniki inayopita tunduni, "kwaheri kaniki, nisalimie Wamasai wa chini huko." Kufika miezi mitatu, hata wale wanne waliokuwepo walikuwa wanamwuliza, "Dada Susana, hukuogopa kumezwa?" Naye anawajibu! Mimi niko jikoni, nasikia makalio yangu yanasimuliwa kwamba ni ya mtu mwingine.

Lililoniuma zaidi ni Eliufoo. Kuna mahali katika ile habari, pale anapovutwa mikono, mume wangu alicheka kila mara, kicheko cha tumboni ambacho mimi sijawahi kumfanya akitoe. Anamtazama dada yake, anasema, "Mwanamke shujaa huyu." Nageuza makande. Nageuza hata yakiwa yameiva.

Mwaka wa pili, mwalimu Nathanaeli akatangaza kwamba ataandika habari moja ya kijiji chetu ipelekwe kwenye gazeti la kanisa, na watu wakapaza sauti, "Ndiva! Ndiva ya Susana!" Akasema atakuja Jumapili baada ya ibada, aisikie na kuiandika.

Sikulala vizuri wiki nzima. Ikichapwa imekwisha. Wajukuu zangu watasoma kwamba mimi sikuwepo.

Jumapili uani palijaa. Susana akajiweka sawa kwenye mkeka, akafungua mdomo.

"Ngoja, wifi," nikasema. "Hiyo habari ni yangu. Mimi ndiye niliyelikalia tundu."

Mtu akacheka, akidhani ni mzaha.

"Mama Tumainieli," Eliufoo akaniambia polepole, "leo umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri. Mwalimu, andika."

Nikaeleza. Nilisema kizibo kilitoka, nikaingia, nikakaa, maji yalikuwa ya baridi, wakaziba, nikatoka. Niliona nini? Niliona maji. Niliona ukingo wa mbele yangu na jani la mgomba linaelea. Mwalimu aliandika mistari minne, akangoja, kalamu iko hewani.

"Basi?"

"Basi."

Mzee Melkizedeki akakohoa. "Kama ni wewe, Susana alitengwa kwa ajili gani?"

Hapo nikaelewa kwamba siwezi kuichukua nusu. Ukisema ni mimi niliyekaa, ni mimi pia niliyenyamaza. Nilimtazama Susana. Alikuwa anang'oa nyuzi za mkeka, hakunisaidia, na sikustahili.

"Nilinyamaza, mzee," nikasema. "Miezi mitatu yote niliimba mbele yake, naye amekaa benchi la nyuma."

Wakanitenga papo hapo, miezi mitatu ile ile, na kwaya akapewa Yudith, asiyejua kupandisha sauti. Habari ikawa yangu. Nilipata nilichotaka.

Jumapili iliyofuata watu walikuja uani kama kawaida, wakaniomba. Nikaeleza. Watoto waliondoka kabla sijazama hadi kifuani. Wakubwa walibaki kwa adabu. Mwalimu alikuwepo na karatasi yake yenye mistari minne.

"Susana," Eliufoo akasema, "hebu sema wewe."

"Si yangu," Susana akajibu. "Mwenyewe yupo."

"Sema ulichoona," nikamwambia, kwa ukali, maana nilichoka. "Si ulikuwa juu ya jiwe?"

Akaniangalia kidogo. Kisha akaanza.

"Ernesta, wifi yangu huyu, hakuuliza mtu. Alitazama tundu, akatazama maharage kule chini, akakaza kaniki, akaingia majini kama anaingia jikoni kwake kufukuza kuku. Alipokaa, ndugu zangu, nilidhani tumempoteza. Mabega yalitetemeka. Lakini uso! Uso ulikuwa umekasirika, kama ndiva imemtukana mama yake. Nikasema moyoni, maji haya yatakoma leo."

Uani palilipuka. Aliendelea, na kila alipofika nilikuwa sijui kinachofuata. Sikujua kwamba nilipiga kelele nikilitaja jina la Eliufoo. Sikujua kwamba walipokuwa wakinivuta niligoma, nikasema bado, ongezeni udongo. Mimi nilikuwa ndani ya maji. Vitu hivyo sikuvipata. Mwalimu aligeuza karatasi akaanza upya.

Eliufoo alicheka, kisha akapangusa macho. Alikuwa anamtafuta Ernesta. Hakunitazama mimi niliyekaa karibu naye na mwiko mkononi. Aliutazama mdomo wa dada yake, ambako yule mwanamke alikuwa anatoka majini, mabega wazi, haogopi mtu. Na mimi nikamwonea wivu yule mwanamke, wivu ambao hata Susana sikuwahi kumwonea.