Gia Isiyoshika Kitu

Marehemu mume wangu alinunua gari la umeme katika mji ambao mafundi wake walikuwa hawajawahi kuligusa. Lilifika Shinyanga tarehe 9 Juni 2022, limekwisha kutumika huko Japani, limebebwa na lori kutoka bandarini, na watu wa mtaa wetu wa Kambarage walijipanga barabarani wakingoja liungurume. Halikuunguruma. Lilishuka kwenye mbao za lori kimya, kama mtu aliyevua viatu mlangoni, na jirani mmoja akauliza kama injini imesahaulika melini.

Mume wangu alikuwa mnunuzi mdogo wa dhahabu machimboni. Petroli ya huko huuzwa kwenye chupa, na anayeinunua hajui amenunua nini hadi gari lianze kukohoa. Umeme, alisema, hauchakachuliwi. Majirani kwa muda mrefu waliamini kwamba gari letu lingemaliza umeme wa mtaa mzima. Kila ulipokatika, macho yaligeukia uani kwetu.

Alifariki tarehe 17 Februari 2024. Nazishika tarehe kwa sababu mimi mwenyewe sikupewa ya kwangu. Wazazi wangu walikumbuka tu kwamba nilizaliwa watu wakiwa mashambani wanavuna pamba. Kalamu niliishika nikiwa tayari mama wa watoto, katika darasa la watu wazima, na mtihani wa kidato cha nne niliufanya mwaka mmoja na binti yangu wa mwisho. Udereva nilijifunza baada ya msiba. Wapo waliosema mjane hana haraka ya kwenda popote. Mimi nilikuwa nayo: mama mkwe wangu anaishi Didia, hasikii vizuri, na hakuna aliyekuwa akifika kwake kila Jumapili isipokuwa marehemu. Nikachukua zamu hiyo.

Jumapili ya tarehe 6 Julai 2025 nilirudi kutoka Didia salama, nikaliegesha gari mahali pake, nikalichomeka kwenye chaji. Kesho yake liligoma. Gari lile halina mkono mrefu wa gia. Lina kishikio kidogo cha mviringo, kinachoenea kiganjani kama limau. Ukikisukuma upande mmoja linakwenda mbele, ukikisukuma upande mwingine linarudi nyuma, na ukikiachia hurudi katikati peke yake. Asubuhi hiyo taa zote za dashibodi ziliwaka. Nilikanyaga breki, nikasukuma kishikio, na herufi P, inayomaanisha kwamba gari limefungwa lisitembee, ikabaki palepale kwenye kioo cha dashibodi. Nilirudia. Gari lilitoa mlio mdogo wa kukataa, wa adabu kabisa, na halikusogea.

Fundi wa gereji ya jirani alikuja, akafungua boneti, akatazama kwa muda, akaifunga taratibu. Alisema yeye hufungua magari yenye moyo anaoujua.

Jumapili iliyofuata alikuja shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Si mtu mbaya, na kaka yake alimpenda. Alikuwa amempata mfanyabiashara huko Maganzo aliyetaka betri kubwa ya gari ili ahifadhie umeme wa jua, na alisema mali ya kaka yake isiachwe ikaoza uani. Alilizunguka gari mara moja, mikono nyuma.

"Shemeji, gari ni kama ng'ombe," akasema. "Asiyeamka hachungwi."

"Huyu amelala tu."

"Wiki nzima?"

Majirani wawili walikuwa wamekaa barazani kwangu, na walicheka. Kicheko hicho ndicho kilichonifungua mdomo. Nilimwambia anipe hadi Jumamosi. Gari likishindwa kutoka getini kwa nguvu zake lenyewe, yeye akishuhudia, alifunge kamba alichukue, nami sitasema neno.

Alipoondoka ndipo nilipoona nilichokiweka rehani. Sikuwa naogopa kutembea kwa miguu. Nimetembea nusu ya maisha yangu. Lakini bila gari lile ningerudi kuwa mtu wa kupelekwa, anayengoja shemeji apate nafasi, na bibi wa Didia angengoja pamoja nami. Kurudisha neno langu sikuweza. Nilimpigia simu binti yangu wa mwisho, yule niliyefanya naye mtihani, ambaye sasa ni fundi umeme katika karakana moja huko Geita.

Alifika Ijumaa, tarehe 18 Julai, na begi la bisibisi na spana. Aliniamkia, akanywa uji amesimama, akaenda moja kwa moja kwenye gari. Alinieleza tangu mwanzo kwamba gari la aina ile hajawahi kulifungua, ila umeme ni umeme, na tungeuliza swali moja moja hadi gari lenyewe lijibu.

Swali la kwanza lilikuwa betri ndogo. Sikujua kwamba gari linalobeba betri kubwa sakafuni lina na nyingine ndogo ya kawaida mbele, na kwamba hiyo ndogo ikichoka, gari zima huchanganyikiwa. Aliipima, ikaonekana nzima. Swali la pili lilikuwa breki, kwa kuwa gia haikubali kutoka kwenye P kama gari halina habari kwamba breki imekanyagwa. Nilisimama nyuma, yeye akakanyaga, taa nyekundu zikawaka. Habari ya breki ilikuwa inafika.

"Basi mgonjwa ni kishikio chenyewe," alisema.

Alizima gari, akatenganisha waya wa betri ndogo, tukangoja umeme uliobaki utulie. Alinionyesha nyaya nene za rangi ya machungwa chini ya boneti, akaniambia hizo zisiguswe kwa sababu yoyote, zinaua. Kisha tukaanza kubandua plastiki inayozunguka gia. Bisibisi ingeikwaruza, kwa hiyo nilileta mwiko wangu mwembamba wa mti, na kwa ncha yake vibanio viliachia kimoja baada ya kingine. Alichomoa plagi ya waya, akafungua bolti nne, akakitoa kishikio na kisanduku chake, akakilaza juu ya shuka jeupe nililotandika mezani.

Niliinama kutazama shimo lililobaki. Nilitarajia kuona fimbo, au waya mnene, kitu chochote kinachotoka mkononi mwa dereva kwenda kwenye magurudumu. Katika lori la pamba nililopanda utotoni, dereva alipobadilisha gia bega lake lote lilifanya kazi, na chini ya sakafu tulisikia chuma kikipokea amri. Humu hamkuwa na kitu. Kilikuwapo kifungu cha nyaya nyembamba kama nyuzi za kushonea, basi.

"Kinachosukuma kiko wapi?" nikamuuliza.

"Hakuna kinachosukumwa, mama. Unasema tu."

Alifungua kifuniko cha chini cha kisanduku. Ndani mlikuwa na kibao chembamba cha saketi chenye vidoa vidogo vyeusi, na juu yake, bila kukigusa kibao, sumaku ndogo isiyozidi punje ya hindi. Vile vidoa ndivyo vinavyohisi. Dereva akisogeza kishikio, sumaku husogea, na vidoa hutambua imekwenda upande gani. Kati ya sumaku na kibao kuna uwazi tu. Hakuna kinachopita hapo ambacho jicho linaweza kukiona, na kwa habari hiyo inayovuka utupu, gari lenye uzito wa fahali watatu linaondoka.

Somo la sumaku nililisoma. Niliuchora ule mchoro wa mistari inayopinda kutoka ncha hadi ncha, nikapewa alama zangu. Lakini niliuchora kama mtu anavyochora simba ambaye hajamwona. Zaidi ya mwaka nilikuwa nimekishika kishikio kile kila Jumapili, nikiamini kwamba nashika gari, kumbe kiganja changu kilikuwa kinanong'ona tu, na kitu kikubwa kilikuwa kinanisikia. Nilikaa kwenye kiti. Binti yangu alidhani nimepatwa na kizunguzungu.

"Angalia sumaku yenyewe," akasema. "Ina ndevu."

Ilikuwa nazo kweli. Pande zote ilikuwa imeota manyoya meusi, mafupi, yamesimama wima, na mengine yamerefuka hadi kukigusa kibao. Yeye aliwaza kutu. Mimi sikuhitaji kuwaza. Ule ulikuwa mchanga mweusi. Wachimbaji wakishaosha mchanga wao kwenye karai, dhahabu hubaki imelala pamoja na mchanga huo mzito, na njia ya kuvitenganisha ni sumaku: mchanga mweusi huruka na kushikamana, dhahabu hubaki kwa sababu dhahabu haishikwi na sumaku. Mume wangu aliifanya kazi hiyo kila siku, na sumaku yake aliiweka katika kisahani kidogo kilicho pembeni ya gia. Vumbi la mikono yake lilidondoka humo chembe kwa chembe, likapenya kwenye upenyo wa kishikio, na kila chembe ilipofika ndani, ile sumaku ndogo iliivuta kwake. Barabara ya Didia ilimaliza kazi kwa kulitikisa. Sasa vidoa vilikuwa vinasikia sauti nyingi mahali pa moja, na gari, lisipoelewa, lilichagua kutotembea.

Niliingia ndani nikaleta sumaku ya marehemu, ile kubwa, nimeizungushia mfuko wa nailoni kama alivyofanya yeye; ukiichomoa sumaku, mchanga huanguka. Binti yangu alinizuia mkono.

"Hiyo ina nguvu sana. Sina hakika, mama, lakini inaweza kuidhoofisha hii ndogo."

Tulijaribu brashi, manyoya yaliinama na kuinuka. Tulijaribu kupuliza, hayakujali. Ndipo nikakumbuka nta ya nyuki niliyokuwa nayo jikoni. Nililainisha kipande vidoleni, nikakigandamiza juu ya sumaku, nikakiinua, na kikaja na ndevu. Nilirudia polepole, kila mara kwa upande safi, hadi sumaku ikang'aa kama jino la mtoto. Mkononi nilibaki na donge la nta lililogeuka jeusi.

Binti yangu alilitazama, kisha akanitazama mimi.

"Tuuhifadhi mchanga huu? Umetoka mikononi mwa baba."

Nililigeuzageuza lile donge, na kwa muda nilitaka kusema ndiyo.

"Baba yako alikuwa akiutupa kila siku," nikasema. "Alikuwa akitafuta dhahabu."

Nikatoka nalo hadi shimo la taka, nikalitupa, nikanawa mikono.

Tulirudisha kila kitu, tukaziba upenyo wa kishikio kwa kipande cha mpira laini wa ndala, tukaunganisha betri. Binti yangu alinipisha kwenye usukani. Nilikanyaga breki, nikasukuma kishikio kwa kidole kimoja, na P ikaondoka kwenye kioo, ikaja D, ya kwenda mbele. Hakuna kilicholia. Niliachia breki kidogo tu, gari likasogea urefu wa mkeka, nikalisimamisha.

Shemeji alikuja Jumamosi asubuhi na pikapu ya kuazima na kamba mpya. Alitusalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," nikaitikia nikiwa tayari nimekaa kwenye usukani, mlango wazi. Alidhani nimekuja kuliaga. Alisimama katikati ya geti akampokea binti yangu shikamoo yake, akaanza kumweleza, amelipa gari kisogo, jinsi watakavyolivuta bila kuharibu boneti, na kwamba mama asihuzunike. Nilifunga mlango, nikasukuma kishikio, nikaja taratibu. Binti yangu aliniona, akakaza midomo. Shemeji aligeuka alipohisi joto la jua limepungua miguuni, akakuta boneti imesimama kiunoni pake.

Hakuruka. Aliweka kiganja juu ya boneti, kama anavyopimwa homa mtoto, akakiacha hapo akitafuta mtetemo.

"Limewaka?"

"Limewaka."

"Mbona halina kitu ndani?"

"Sogea, shemeji. Nachelewa kwa mama. Jumapili iliyopita alinikosa."

Alisogea, nami nikapita getini nikasimama barabarani. Alibaki na kamba yake begani, akitazama mahali gari lilipokuwa na mahali lilipo sasa. Kisha akaenda kwenye pikapu, akamwambia dereva arudi, akaitupa kamba nyuma, akaja akafungua mlango wa upande wa pili. Kaka yake, alisema, hakuwahi kumpakia katika gari hili. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akikataa kupanda.

Alikaa, akafunga mkanda, akainama akakitazama kishikio kwa karibu bila kukigusa.

"Ukisukuma hapo," akauliza, "ni nani anayeambiwa?"

Nilianza kumweleza habari za sumaku na ule uwazi. Tulifika Didia bado namweleza.