Maji ya Chini ya Korongo

Nilishuka kwenye basi na begi lililolowa, nikauliza wapi naweza kupigwa picha ya pasipoti.

"Kwa Fundi Korongo," muuza vocha akanijibu. "Ila usije ukasimamia mguu mmoja, atakutia kwenye kalenda."

Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la viatu. Ukutani hapakuwa na maharusi wala watoto. Palijaa korongo, kila mmoja amesimama juu ya kivuli chake kilichopinduka majini. Fundi mwenyewe, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinikalisha, akanipiga, akaanza kukata kingo za picha kwenye kompyuta.

"Masikio yote mawili yabaki, dada," nikatania.

"Yako yatabaki. Ya mume wangu niliyakata."

Nikadhani ni mzaha. Hakucheka; akaendelea kukata huku akinisimulia.

Mumewe alikuwa akimbebea vyombo hadi bwawani, lakini kamera aliikimbia kama anayekimbia mbwa kichaa. "Piga ndege wako, mimi sina manyoya," ndiyo ilikuwa kauli yake. Siku moja alisimama ng'ambo, nje ya picha, ila maji yalikuwa yametulia, yakamwakisi mzima, kichwa chini, kando ya korongo. Fundi alipoiona picha aliudhika: mtu kamharibia maji. Akakata pembeni, akakata chini, akabakiza ndege na kivuli chake tu, kisha akaihifadhi hiyo juu ya ile nzima, ile ikafutika. Mvua za mwaka huo hazijaisha, homa ikamchukua mume. Hakuacha sura yake popote.

"Sasa mama mkwe macho yanamwishia. Kila nikienda ananiuliza, 'Mwanangu, wewe unayepiga dunia nzima, wangu yuko wapi?'"

Tumaini lililobaki lilikuwa wapiga chapa wa kalenda, ambao aliwatumia picha zote za siku ile kabla hajaikata hiyo. Walikuwa wameahidi kuitafuta. Iliingia kwenye kompyuta nikiwa bado kitini.

Akasogeza uso karibu na kioo. Korongo alikuwepo. Kando yake, viatu vya mpira, suruali yenye kiraka gotini, shati, mkono ulioshika stendi ya kamera. Halafu ukingo. Wapiga chapa nao walikuwa wameyakata maji ya chini, wapate nafasi ya tarehe.

"Jamani," akasema polepole. "Hata kidevu?"

 

Aliichapa hivyo hivyo pamoja na zangu, akaigeuza ili miguu ya mumewe ikae chini. Sasa korongo ndiye aliyening'inia.

"Kiraka hiki alikishona mama yake mwenyewe," akasema, akikigusa kwa kidole. "Labda atakijua." Akaitia kwenye bahasha, akavaa viatu. "Mgeni, picha zako zinakauka hapo. Ukitoka, rudishia mlango."

Akaenda. Nikabaki na nyuso zangu nne mezani, kila moja na masikio yake mawili.